Panya buku wa Morogoro na swali la nani agharimie utafiti vyuoni

Na Mwandishi Wetu

KWA mkulima wa mahindi mkoani Morogoro, panya ni mwizi anayefukua mbegu kabla haijaota. Kwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kilichoko chini ya milima ya Uluguru, mnyama huyo amekuwa chanzo cha moja ya bunifu zinazojulikana zaidi duniani kutoka katika chuo kikuu cha Tanzania: panya anayenusa mabomu ya kutegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu.

Sifa za panya hao zimeandikwa sana. Kinachosemwa kwa nadra ni safari ya fedha zilizowafikisha hapo: nani alizitoa, kwa masharti gani, na chuo kilibaki na nini.

SUA ilianzishwa rasmi Julai 1984 kutokana na kilichokuwa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikapewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari Aprili mwaka huo. Katika miaka ya 1980, watafiti wake na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji walishirikiana kuchunguza panya waharibifu wa mazao.

Kazi hiyo haikuwa na mvuto wa nje. Ilikuwa kutega panya mashambani mwezi hadi mwezi, kuwapima, kuwatia alama, kuwaachia na kuwatega tena, ili ijulikane mvua za namna gani hutangulia mlipuko wa panya. Mwaka 1997, matokeo yaliyotokana na takwimu za Morogoro yalichapishwa katika Nature, moja ya majarida makubwa ya sayansi duniani.

Mwaka huo huo, Mbelgiji Bart Weetjens, aliyefuga panya tangu utotoni, alipata fedha za serikali ya nchi yake kujaribu wazo la kuwatumia wanyama hao kutafuta mabomu. Likazaliwa shirika la APOPO. Profesa Ron Verhagen wa Antwerp, mtaalamu wa panya, alishauri atumike panya buku, kwa kuwa huishi miaka mingi kuliko panya wengine na ni mwenyeji wa Afrika.

Mwaka 2000 shirika hilo lilihamishia makao yake SUA, kwa ubia na chuo hicho na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Fedha za kuanzia zilitoka Ulaya, lakini mnyama, ardhi ya mafunzo na ujuzi wa miaka mingi kuhusu panya vilikuwa Morogoro.

Panya hufunzwa kwa takriban miezi 9, na gharama ya kumwandaa mmoja hutajwa kuwa kiasi cha euro 6,000. Hufundishwa kuwa akinusa harufu ya baruti na kukwaruza ardhi, hupewa kipande cha ndizi au chakula kingine. Kwa kuwa ni mwepesi, hawezi kulipua bomu kwa kulikanyaga. Eneo lenye ukubwa wa uwanja wa tenisi hulimaliza kwa takriban dakika 30, wakati mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma anaweza kuchukua hadi siku 4, kwa sababu kifaa hicho hulia kwa kila msumari na kizibo cha chupa.

Matunda hayakuja haraka. Panya wa kwanza walifuzu majaribio ya viwango vya kimataifa nchini Msumbiji mwaka 2004, miaka 7 baada ya fedha za kwanza. Msumbiji ilitangazwa kuwa huru dhidi ya mabomu hayo Septemba 2015, baada ya kazi ya mashirika mbalimbali, APOPO ikiwamo. Tangu wazo lilipofadhiliwa hadi siku hiyo ilikuwa imepita miaka 18, ilhali miradi mingi ya wafadhili hudumu kati ya miaka 3 na 5.

Mwaka 2003 wazo la kuwatumia panya kutambua kifua kikuu lilishinda fedha katika shindano la ubunifu la Benki ya Dunia. Sampuli za makohozi zilizokwisha kupimwa hospitalini hupelekwa Morogoro zikanuswe. Panya mmoja huweza kupitia sampuli 100 kwa takriban dakika 20. Hata hivyo, hatoi hukumu ya mwisho: sampuli anazozitilia shaka hupimwa upya maabara, na mgonjwa hutafutwa pale tu ugonjwa unapothibitishwa. Kwa njia hiyo wamepatikana wagonjwa waliokuwa wameambiwa kuwa hawana ugonjwa, wakarudi nyumbani kuishi na familia zao bila tiba.

Utafiti haukuishia hapo. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo yaliyoonyesha kuwa panya hao wanaweza kutambua magamba ya kakakuona, pembe za ndovu, pembe za faru na mti wa mpingo, hata vinapofichwa kati ya vitu vingine, jambo linaloweza kusaidia ukaguzi bandarini.

Mbali na panya, SUA imeishi kwa ubia wa aina nyingi. Norway imeisaidia tangu ilipokuwa kitivo, hasa katika misitu. Marekani, kupitia shirika lake la misaada la USAID, iligharimia mradi wa iAGRI ulioanza mwaka 2011 na kusomesha Watanzania zaidi ya 100 shahada za juu za kilimo.

Mwaka 2016 ulianza mpango wa Benki ya Dunia wa vituo 24 vya umahiri katika nchi 8 za mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania ilipata vituo 4, viwili vikiwa SUA: kimoja cha magonjwa ya kuambukiza, kingine cha udhibiti wa panya na teknolojia ya kuwatumia wanyama kunusa. Fedha zilitolewa kadiri matokeo yalivyothibitishwa: wanafunzi waliosajiliwa, makala zilizochapishwa na mapato ambayo kituo kilijitafutia.

Kwa Tanzania, hata hivyo, mpango huo ulikuwa mkopo, si msaada. Ndivyo ulivyo pia mradi wa kuboresha elimu ya juu, HEET, ulioidhinishwa mwaka 2021 kwa Dola za Marekani milioni 425, ambao SUA ni miongoni mwa wanufaika. Mlipaji wa mwisho ni mwananchi, na kwa sababu hiyo ana haki ya kuuliza kinachotafitiwa na faida yake.

Msaada nao una udhaifu wake. Julai 1, 2025, USAID ilikoma rasmi kufanya kazi kwa uamuzi wa serikali ya Marekani, na miradi mingi katika Afrika ikakatika njiani. Utafiti wa shambani ukikatika msimu mmoja hauendelezwi tu msimu unaofuata kana kwamba hakuna kilichotokea, kwani mfululizo wa takwimu huwa umevunjika.

Lipo pia suala la umiliki. Panya Magawa, aliyezaliwa Morogoro na kufanya kazi Cambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu ya taasisi ya PDSA ya Uingereza Septemba 2020, akiwa panya wa kwanza kuipata. Dunia ilimfahamu kama panya wa APOPO, shirika lililosajiliwa Ubelgiji. Jina la chuo kilichompa malezi halikusikika kwa kiwango hicho.

Tanzania haikosi vyombo vya kusimamia mambo haya. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1986, hutoa vibali kwa watafiti wa kigeni na kuwataka wawe na mshirika wa hapa nchini. Chini yake upo mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia.

Tatizo ni ujazo wa mfuko. Katika Mpango wa Lagos wa mwaka 1980, viongozi wa Afrika walilenga kutumia asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na Umoja wa Afrika umelirudia lengo hilo. Tanzania, kama nchi nyingi za bara hili, bado haijalifikia.

Bajeti ya ndani haiwezi kuziba nafasi ya wafadhili wote, wala haihitaji kufanya hivyo. Inachoweza kugharimia ni kile ambacho mfadhili hakimvutii: kutega panya mwezi hadi mwezi, kutunza takwimu, kumlipa fundi wa maabara mradi unapokwisha. Pasipo kazi kama hiyo ya miaka ya 1980, wazo lililotoka Ubelgiji mwaka 1997 lisingekuta Morogoro wataalamu wa kulipokea, na mkulima angeendelea kumjua panya kama mwizi tu.