Kigeugeu, au bamvua?

"Kigeugeu" limetokana na kitenzi "geua", mzizi wake ukarudiwa kama mtu asiyetulia. Ni neno la lawama. Lakini wapo ambao moyo wao hupanda na kushuka pasipo hila. Mwaka 1882 daktari Mjerumani Karl Ludwig Kahlbaum aliiita hali hiyo saiklothimia, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya duara na moyo. Kwa mtu mzima, madaktari huitambua ikidumu angalau miaka miwili. Bahari nayo hupanda na kushuka: wavuvi wa pwani wana bamvua, maji yajaapo na kupwa sana, na maji mafu, yanapolegea. Wala hakuna aitukanaye bahari. Basi kabla hujamwita mwenzako kigeugeu, muulize kwanza: leo maji yakoje?