Kutoka Neno hadi Megabaiti

Mwaka 1879 kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilimaliza kulaza waya wa simu ya maandishi chini ya bahari, kutoka Aden hadi Zanzibar, na kutoka Zanzibar hadi Durban kwa kupitia Msumbiji. Waingereza walikuwa na haraka. Januari ya mwaka huohuo Wazulu walikuwa wamelipiga jeshi lao pale Isandlwana, na habari za kipigo hicho zilichukua takriban wiki tatu kufika London. Waya ulitua Unguja enzi za Sultani Barghash. Malipo yalikuwa kwa neno, na kila neno lilihesabiwa.

Ninaanzia mbali hivyo kwa makusudi. Watu wengi huamini kuwa hasira zetu za bando zimeletwa na simu za kisasa. Sivyo. Pwani hii imeuziwa mawasiliano kwa kipimo tangu siku ya kwanza, na kila kipimo kipya kilikuja na sababu yake ya kweli, kisha sababu ikaondoka na kipimo kikabaki.

Kipimo cha neno nilikiona kwa macho yangu nikiwa mtoto Morogoro. Baba alinichukua hadi posta kupeleka simu ya maandishi kwa kaka yake. Karani aliipokea fomu, akapita juu ya kila neno kwa ncha ya kalamu akihesabu kwa sauti, kisha akataja bei. Baba akaichukua tena fomu na kuanza kukata. Salamu, ambazo kwetu haziachwi hata kwa mtu mliyekosana naye, ndizo zilizotangulia kukatwa. Likafuata jina la shangazi. Kilichosafiri kilikuwa MAMA MGONJWA NJOO.

Kompyuta zenyewe zilichelewa kwetu. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na intaneti ilipoanza kusikika katika miaka ya 1990, iliingia katika ofisi chache tu za Dar es Salaam. Wananchi wa kawaida waliikuta kwenye intaneti kafe, na huko ndiko nilikopata kazi yangu ya kwanza, Kariakoo, mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Tulikuwa na mashine 12 na dishi moja juu ya paa. Laini nzima ilikuwa kilobiti 128 kwa sekunde. Leo simu moja ya kawaida, mnara ukiwa na hali nzuri, hupata mara nyingi zaidi ya hiyo, na sisi tuliigawa kwa watu 12. Mawimbi yalipanda hadi kwenye setilaiti, karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, yakashuka Ulaya au Marekani, na jibu likarudi njia ileile. Ukibofya, unasubiri. Mteja mmoja akianza kupakua wimbo, wengine 11 wanageuza shingo kunitazama mimi kaunta: "Dada, mbona imeganda?"

Bei ilikuwa shilingi 500 kwa nusu saa. Programu ya kuhesabu muda haikujali kama ukurasa umefunguka au la. Wateja wenye busara walikuja na barua zao wameshaziandika kwa kalamu kwenye daftari, wakakaa kunakili tu. Palikuwa na baba mmoja mwenye mtoto aliyesoma India. Aliandika kwa kidole kimoja, na mara nyingi skrini ilifungwa kabla barua haijaenda. Mwenye duka alikataza kuongeza dakika za bure, na simlaumu sana, kwa sababu naye alilipia setilaiti kwa dola, na uwezo wa megabiti moja kwa mwezi uligharimu dola elfu kadhaa. Kipimo cha dakika kilikuwa na haki yake wakati ule. Kitu chenyewe kilikuwa haba kwelikweli.

Lakini hata uhaba huo ulikuwa na sehemu iliyotengenezwa na watu. Barua pepe kutoka Posta kwenda Mwenge, mwendo wa daladala moja, ikiwa mtumaji na mpokeaji walikuwa na kampuni tofauti, iliweza kupanda angani, kuvuka bahari na kurudi Dar es Salaam, ikilipiwa kwa fedha za kigeni kila hatua. Dawa yake ilijulikana: kampuni za ndani ziunganishe mitambo yao katika kituo kimoja, trafiki ya nyumbani ibaki nyumbani. Wakenya walifanya hivyo Nairobi mnamo Novemba 2000. Haikupita hata mwezi mzima, kampuni ya simu ya serikali iliyoshikilia njia za kimataifa ililalamika, na mdhibiti akakifunga kituo. Kilifunguliwa tena Februari 2002, baada ya mabishano marefu. Kwetu Tanzania, kampuni ya simu ya TTCL ilikuwa na haki ya pekee ya huduma za msingi za simu hadi Februari 2005. Anayetaka kuelewa kwa nini wateja wa ukanda huu hawawaamini wauza intaneti aanze kusoma miaka hiyo.

Kisha ikaja 2009. Mwezi Juni mkongo wa TEAMS, waya wa mawasiliano wa chini ya bahari, ulitua Mombasa kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, na tarehe 23 Julai SEACOM ikawashwa, kilomita 17,000 za nyaya za kioo zikigusa Dar es Salaam, Mombasa na Maputo. EASSy ikafuata mwaka 2010. Magazeti yaliandika kwamba shida imekwisha. Nasi wa kafe tuliamini, tukanunua mashine mpya. Kwa kweli kasi iliongezeka na bei ya jumla ya uwezo wa kimataifa ilianguka sana. Wateja wetu wakahamia kwenye modemu ndogo za kuchomeka na baadaye kwenye simu. Kafe ikafungwa, jambo ambalo sikulihuzunikia, kwa kuwa watu walikuwa wameipata intaneti mikononi mwao.

Ila waliipata kwa kibaba. Bando la siku, bando la wiki, MB kadhaa hadi saa sita usiku, na zilizobaki zinafutwa. Hapa ndipo ninapotofautiana na maelezo ya makampuni. Gharama kubwa ya mkongo ni kuutengeneza na kuulaza. Ukishalala chini ya bahari, haugharimu zaidi kwa sababu mimi nimetazama somo la video usiku wa manane, na nafasi isiyotumika leo haiwekwi ghalani ikatumika kesho. Mnara wa simu ni jambo jingine, nalikubali. Masafa ya redio ya mnara mmoja hugawanywa kwa wote walio chini yake, na saa mbili usiku Tabata nzima iko mtandaoni. Kumpimia mteja wa simu kuna hoja ndani yake. Kumpimia mwenye waya wa faiba ulioingia hadi sebuleni hoja yake ni nyembamba, na kuzifuta GB alizokwishalipia kwa sababu tarehe imefika sijasikia hoja yake bado.

Nazungumza kama mtu anayeumia. Siku hizi nahariri vipindi vya redio nikiwa nyumbani, na kazi yangu ni kupandisha mafaili makubwa ya sauti kwa saa zilizopangwa. Nilinunua huduma ya nyumbani iliyotangazwa kuwa haina kikomo. Kila mwezi, wiki ya mwisho inapokaribia, kasi inaporomoka hadi faili moja linachukua usiku kucha. Nikipiga simu naambiwa, "Ndugu mteja, umefikia kiwango cha matumizi ya haki." Kiwango hicho kimeandikwa katika masharti, kurasa za ndani, kwa herufi ndogo. Siku ambazo hakuna intaneti kabisa naambiwa nizime ruta, nisubiri, niwashe tena. Siku hizo nazo zinahesabiwa kwenye mwezi wangu.

Jirani yangu fundi cherehani hana ruta. Huniuliza: "Dada, hivi na wewe MB zako zinapotea? Nimeunga bando asubuhi, sijatazama hata video moja." Mara nyingine zimeliwa na simu yenyewe, inayosasisha programu kimyakimya na kuchezesha video bila kuombwa. Saa moja ya video yenye ubora wa juu yaweza kula gigabaiti moja hadi tatu. Lakini hana mahali pa kuona zilikokwenda, na mita inasomwa na muuzaji peke yake. Karani wa Morogoro alihesabu maneno mbele ya baba.

Malalamiko haya yaliwahi kutikisa nchi. Mapema 2021 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitoa masharti mapya ya vifurushi, yenye mambo mema ndani yake: mteja aarifiwe kifurushi kinapokaribia kwisha, na aweze kumhamishia mwingine kilichobaki. Bei mpya zilipoanza tarehe 2 Aprili, Ijumaa Kuu, wiki mbili baada ya Rais Samia kuapishwa, watu waliamka wakakuta fedha ileile inanunua kidogo mno. Kelele zilizopigwa siku ile sijaziona tena juu ya bidhaa nyingine yoyote. Siku hiyohiyo serikali ilisimamisha bei hizo na kurudisha za zamani. Ulikuwa ushindi wa wateja, na ninajivunia kuwa mmoja wao, ingawa uligusa bei tu. Ubora wa huduma haukuguswa.

Na ubora ndio unaotuangusha. Julai 2010 kifaa cha kukuza mwanga kwenye mkongo wa SEACOM kiliharibika kilindini kaskazini ya Mombasa, na ukarabati ukachukua zaidi ya wiki mbili. Februari 2012 nanga ya meli iliukata mkongo wa TEAMS nje ya bandari ya Mombasa. Februari 2024 mikongo mitatu ilikatika Bahari ya Shamu, nanga ya meli Rubymar iliyoshambuliwa na Wahouthi ikishukiwa. Kabla hilo halijapona, Jumapili ya tarehe 12 Mei, EASSy na SEACOM zikakatika pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Njia mbili tulizozihesabu kuwa mbadala zilipita mahali pamoja baharini.

Siku zile sikupeleka kipindi hata kimoja kwa wakati. Kifurushi changu cha siku 30 kiliendelea kuhesabu, na tarehe ilipofika kikafungwa. Sikudai muujiza wa kuunganisha mkongo kwa siku moja, maana meli ya ukarabati lazima isafiri na bahari ina mambo yake. Nilidai siku zangu. Nikajibiwa kwamba tatizo lilikuwa nje ya uwezo wa kampuni. Lilikuwa nje ya uwezo wangu pia, ila mimi ndiye niliyelilipia.

Ninawaomba TCRA na wadhibiti wenzao wa Nairobi na Kampala waandike sharti moja fupi: muda ambao huduma haipo usihesabiwe katika kifurushi. Mitambo inayojua kukata MB kwa sekunde inajua pia ni saa ngapi laini ilikuwa imekufa. Nawe msomaji, intaneti ya nyumbani ikikatika, andika tarehe na saa, omba namba ya malalamiko, na kampuni isipokujibu, lipeleke lalamiko TCRA kwa maandishi.