Vibao vya Kiswahili katika mji wa kubuni

Katika jimbo la Florida nchini Marekani kuna mji wa pwani ya Afrika Mashariki ambao hakuna mtu aliyezaliwa humo. Unaitwa Harambe. Ni sehemu ya bustani ya burudani ya Disney iitwayo Animal Kingdom, iliyofunguliwa Aprili 22, 1998, ambako wazazi huwapeleka watoto kuona tembo na twiga. Wiki hii nataka tuvitazame vibao vyake, maana vimebeba lugha yetu.

Kabla ya ujenzi, timu iliyoongozwa na msanifu Joe Rohde ilisafiri hadi Afrika Mashariki, na majengo ya Harambe yakaiga mji wa Lamu. Kazi ya vibao haikuwa ndogo. Kibao kipya kinachong'aa kingevunja hadithi nzima. Kwa hiyo herufi zilifanywa zifanane na za fundi wa mtaani, na rangi ikafifishwa makusudi ili ionekane imepigwa jua na mvua miaka mingi. Mgeni akasoma "Duka la Filimu", mbele akakuta "Dawa Bar", kisha akaona maandishi "Uhuru 1961".

Hapo ndipo mimi, ninayekula kwa maneno, nasimama kidogo. Mwaka 1961 ni wa uhuru wa Tanganyika, na wito wetu siku zile ulikuwa "Uhuru na Kazi". Harambee ni wito wa Kenya, iliyojitawala Desemba 1963. Mzee Jomo Kenyatta aliufanya wito wa taifa, nao umo katika nembo ya nchi hiyo, kwa e mbili. Ile e ya pili si pambo. Ndiyo sauti inayorefushwa watu wanapovuta kamba kwa pamoja. Kibao cha Florida kina e moja.

Sisemi kwamba tumetukanwa. Mji wa kubuni una ruhusa ya kuchanganya mambo. Lakini kibao ni mwalimu asiyeulizwa swali. Mtoto anayekutana na Kiswahili pale kwa mara ya kwanza ataondoka na kile alichokisoma.

Na sisi je? Nimetembelea fukwe na bustani za watoto hapa nyumbani. Mara nyingi nimekuta langoni karibu ya Kiingereza kitupu. Kiswahili kimeachiwa makatazo: usikanyage majani, usitupe taka, usipite hapa. Kule Florida lugha yetu inamkaribisha mgeni. Hapa kwetu inamfukuza mwenyeji!

Mwenye bustani anayesoma safu hii na amwite fundi wa vibao. Ampe neno moja la Kiswahili la kumpokea mtoto mlangoni, liandikwe kwa herufi kubwa, na e zake zote zikiwa mahali pake.