Unabadilisha injini ya gari la zamani? Anza na breki

Marehemu babangu alituachia Toyota Corolla KE70, gari ambalo hapa Kenya twalijua zaidi kwa jina la DX. Mtindo huo ulitoka Japani mwaka 1979, na ni katika Corolla za mwisho kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Injini yake ni 4K, cc 1290, ya kabureta. Mwaka jana ilianza kutoa moshi wa buluu na kunywa oili, na kwenye mlima wa Mazeras hata lori lenye mzigo lilinipita.

Mamangu hakubali kupanda gari jengine. Kila mwezi namvusha feri ya Likoni kwenda kliniki. Siku injini ilipozimika tukiwa katikati ya foleni, watu wakatusukuma kando huku yeye amejifunika uso kwa leso, niliamua kuibadilisha.

"Mjomba, tia 4A-GE, hili gari litaruka!" mpwa wangu akaniambia. Nilikaribia kumsikiza. Niliyojifunza baadaye nayaandika hapa kwa faida ya yeyote mwenye gari la zamani na hamu ya kulitia nguvu.

Gari lafanya kazi gani?

Swali hili latangulia mengine yote. Langu latoka Likoni hadi Mji wa Kale, na mara moja moja hufika Voi. Kazi hiyo haihitaji nguvu za mashindano. Yahitaji injini isiyochemka ikisimama saa nzima juani kwenye foleni ya feri, na ambayo fundi yeyote wa njiani aweza kuifungua. Kama lako ni la mbio za Jumapili, jibu lako litakuwa tofauti na langu.

Njia nne

Ya kwanza ni ovaholi ya injini iliyopo. Silinda huchongwa, pistoni, ringi na beringi mpya zikatiwa, na silinda hedi ikasawazishwa. Gari labaki lilivyotoka kiwandani na namba ya injini haibadiliki. Kasoro yake ni kwamba nguvu zabaki zile zile, na bloku iliyokwisha kuchongwa mara kadhaa haina nyama ya kuchongwa tena.

Ya pili ni 5K, nduguye 4K. Mwendo wa pistoni ni ule ule wa milimita 73, lakini upana wa silinda umetoka milimita 75 hadi 80.5, ndipo ikafika cc 1486. Yashika giaboksi ile ile na kukaa pale pale. Hupatikana kwenye TownAce na LiteAce za zamani. Tahadhari moja: kwenye vigari hivyo injini hulazwa upande, kwa hiyo usitupe sampu na bomba la kunyonyea oili la 4K yako. Huenda ukayahitaji.

Ya tatu ni 4A-GE, cc 1587, vali 16, ile iliyoipa sifa Corolla AE86 kuanzia mwaka 1983. Nguvu zake zakaribia maradufu ya 4K. Lakini giaboksi ya 4K haishikani nayo. Utatafuta T50, urekebishe propela, utie pampu ya petroli yenye shinikizo kubwa na bomba la kurudisha petroli tangini, kisha waya na kompyuta yake. Ukiuziwa injini bila kompyuta na waya zake, umeuziwa nusu.

Ya nne ni 5A-FE, cc 1498, ya Corolla 110. Yapatikana kwa urahisi, lakini iliundwa kukaa kingamo na kuvuta magurudumu ya mbele. Kuigeuza ielekee nyuma kwataka T50 vile vile, pamoja na kazi nyingi ya kuchomelea na kubuni, na mwisho wake hupati utamu wa 4A-GE. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Breki kwanza

Injini ikiongezwa nguvu, breki hubaki za mwaka 1980. DX yangu ina diski mbele na drami nyuma. Kabla ya kununua chochote, fundi alilinyanyua gari na kupapasa bomba la breki karibu na ekseli ya nyuma. Lilikuwa limeliwa na kutu hadi maji ya breki yakachuruzika kidoleni mwake. Sisi wa pwani chumvi ya bahari hula vyuma vyetu chini kwa chini, na juu rangi yang'ara. Lau ningetia 4A-GE kwanza, habari hiyo ningeipata nikishuka Mazeras na mamangu kando yangu.

Kwa hiyo gawanya pesa zako mafungu matatu: injini, vifaa vya kuifunga, kisha breki, rejeta na mipira ya chini. Fungu la tatu likikosekana, subiri.

Unaponunua

Injini ya kwanza niliyonunua ilikuwa imeoshwa ikapakwa rangi ya fedha. Sikuipima. Tulipofungua sampu tulikuta vumbi la chuma linang'aa ndani ya oili. Beringi zilikuwa zimekwisha. Shilingi 25,000 zikaenda, na muuzaji akanikumbusha kwamba alisema haina garantii.

Usifanye hivyo. Zungusha krenki kwa mkono. Chomoa plagi uangalie rangi zake. Fungua kifuniko cha oili: ukiona utelezi kama maziwa, maji yameingia. Pima kompresheni silinda zote nne. Zikitofautiana zaidi ya asilimia 10 hivi, iache. Na ikiwezekana, isikize ikinguruma.

Karatasi

Namba ya injini imeandikwa kwenye logibuku. Ukibadilisha injini, peleka mabadiliko NTSA na gari likaguliwe. Dai risiti na karatasi za forodha za injini hiyo, ili usije ukaulizwa imetoka wapi ukakosa jibu. Iarifu na kampuni ya bima. Ajali ikitokea na namba hazilingani, waweza kujikuta walipa mwenyewe.

Nilichochagua

Nilitia 5K, bomba mpya za breki na rejeta iliyosafishwa. Feni ikabaki ile ya mkanda. Mazeras sasa naipanda bila kuwachelewesha walio nyuma, na kwenye foleni ya Likoni mshale wa joto hukaa katikati. Mpwa wangu bado anuna.

Mamangu hajui kwamba injini ilibadilishwa. Aliniambia tu kwamba siku hizi akishuka kliniki, leso yake hainuki moshi.