Vumbi la Salfa, Maji ya Bati

Historia ya maji Newala ni historia ya miguu. Mchanga wa Uwanda wa Makonde hunywa mvua yote, na chemchemi hutokea chini kabisa, mabondeni. Bibi zetu walishuka genge na mitungi, wakapanda nayo kichwani. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, aliiona taabu hiyo akaiandika. Miaka ya 1950 wakoloni wakaanzisha mradi wa kusukuma maji kwa mashine toka bondeni. Miaka ya 1970 wakaja Wafini. Wote walijibu swali moja tu: maji yako mbali, tuyasogezeje? Na bomba likikauka, tunarudi kwenye kisima cha uani, kile kinachopokea mvua toka kwenye bati.

Kumbe kuna swali la pili: ndani ya maji mna nini?

Sikiliza, ndugu msomaji. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ubwiriunga uliingia mikoroshoni. Korosho za Tanzania, tani 145,000 msimu wa 1973/74, zilishuka chini ya 20,000 kabla miaka ya 1980 haijaisha. Vijiji vya ujamaa navyo vilichangia, maana watu walihamishwa mbali na mikorosho yao. Dawa iliyotuokoa ni salfa ya unga. Mimi mwenyewe ada yangu ya shule ilitoka kwenye korosho, siwezi kuitukana.

Lakini toka Juni mpaka Septemba, Masasi na Newala, mashine hupuliza alfajiri, na vumbi lile la njano halichagui. Linatua kwenye jani, linatua kwenye bati, linangoja mvua ya kwanza.

Salfa si sumu kali, tusitishane. Ila inawasha macho na kubana kifua. Ardhini, bakteria huigeuza kuwa asidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha udongo wa mikorosho ya kusini ukichachuka. Maji yenye asidi hula bati na mabomba, na metali ikaingia tumboni. Salfeti ikizidi huharisha. Na kuchemsha? Kunaua vijidudu tu. Kemikali inabaki, tena maji yakipungua sufuriani inakolea.

Basi kisima kifunikwe msimu wa kupuliza, na mvua ya kwanza imwagwe. Hayo tunayaweza nyumbani. Kupima ni kazi ya wilaya. Korosho hupimwa uzito na ubora kabla ya kupanda lori. Tudai na maji ya kisimani yapimwe kabla ya kupanda mdomoni.