Ohemaa si Malkia: Yaa Asantewaa na Tatizo la Tafsiri katika Historia ya Ukinzani

Utangulizi

Jina la Yaa Asantewaa wa Ejisu si geni kwa wasomaji wa historia ya Afrika. Mwaka 1900 aliwaongoza Waasante, katika nchi ambayo leo ni Ghana, kupigana na Waingereza. Vita hivyo wengine huviita Vita vya Kigoda cha Dhahabu, na wengine Vita vya Yaa Asantewaa. Anapotajwa kwa Kiswahili, aghalabu huitwa malkia. Neno hili, lenye asili ya Kiarabu, hubeba dhana mbili: mwanamke anayetawala kwa haki yake mwenyewe, na mke wa mfalme. Yaa Asantewaa hakuwa mmoja wao. Alikuwa ohemaa. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba tofauti hii si ya msamiati tu, bali huathiri namna tunavyoisoma kauli yake na namna tunavyoipima hasara iliyoletwa na ukoloni.

Katika jamii ya Waasante, ambako nasaba hufuatwa kwa upande wa mama, ohemaa ni mama, dada au jamaa mwingine wa ohene, yaani mtawala wa kiume, kwa upande huo. Ana kigoda chake na baraza lake. Kigoda cha ohene kinapokuwa wazi, ohemaa ndiye anayempendekeza mrithi, na ohene akipotoka ana haki ya kumkemea mbele ya wazee. Kwa hivyo mamlaka hayo hayakuwa ya mtu mmoja. Yaligawanyika baina ya vigoda viwili, na kila kimoja kilikuwa na sauti yake.

Kigoda na Kiti

Chanzo cha karibu cha vita kilikuwa chenyewe tatizo la kusoma ishara. Mnamo Januari 1896 Waingereza walimkamata Asantehene Prempeh I pamoja na mama yake, Yaa Akyaa, aliyekuwa Asantehemaa. Walikamatwa pia watawala wengine, akiwemo mjukuu wa Yaa Asantewaa aliyekuwa ohene wa Ejisu. Walipelekwa Elmina, kisha Sierra Leone, na mwaka 1900 wakahamishiwa visiwa vya Shelisheli. Tarehe 28 Machi 1900 Gavana Frederick Hodgson aliwakusanya watawala waliosalia mjini Kumasi. Aliwaambia kuwa Prempeh hatarudi. Aliwadai malipo yanayotokana na fidia ya wakia 50,000 za dhahabu iliyowekwa na mkataba wa 1874. Halafu akauliza kwa nini yeye, mwakilishi wa Malkia Victoria, hakuletewa Kigoda cha Dhahabu akikalie.

Swali hilo lilidhihirisha kutoelewa. Kwa mujibu wa mapokeo ya Waasante, Kigoda cha Dhahabu kilishushwa kutoka mbinguni na Okomfo Anokye katika enzi ya Osei Tutu, nacho ni makao ya roho ya taifa zima. Asantehene mwenyewe hakikalii, na katika hafla huwekwa juu ya kiti chake chenyewe ili kisiguse ardhi. Hodgson alikitafsiri kigoda hicho kuwa kiti cha enzi cha Ulaya, yaani samani ambayo mshindi humrithi mshindwa. Alichokidai hakikuwa alama ya utawala wa mfalme aliyeshindwa. Kilikuwa uhai wa watu waliokaa mbele yake wakimsikiliza.

Kauli ya Ohemaa

Mapokeo yanasimulia kwamba usiku uliofuata watawala walikutana kwa siri, na baadhi yao walisitasita. Hapo ndipo Yaa Asantewaa aliposimama na kuwaambia kwamba ikiwa wanaume wanaogopa, wanawake watapigana. Kauli hii imekaririwa sana. Hata hivyo, wakati hotuba ya gavana iliandikwa, maneno ya ohemaa yametufikia kwa njia ya masimulizi. Mhakiki hana budi kuuliza: msimulizi na hadhira yake walisikia nini katika kauli hiyo?

Msomaji anayeanza na neno malkia husikia ajabu, kwamba katika saa ya hatari mwanamke mmoja shujaa anavunja mwiko na kusema mahali pasipo pake. Msomaji anayeanza na neno ohemaa husikia jambo jingine. Asantehemaa alikuwa uhamishoni, na ohene wa Ejisu hali kadhalika. Aliyebaki alikuwa mwenye kigoda ambaye kazi yake kwa desturi ilikuwa kukemea viongozi wanaoyumba na kuamua nani anastahili kuongoza. Kauli yake ni kemeo rasmi. Mahali pale palikuwa pake, na kilichokuwa kipya ni upana wa jukumu tu: kemeo ambalo kwa kawaida lingemhusu ohene mmoja sasa liliwahusu watawala wa taifa zima.

Mfano wa karibu nasi unaweza kufafanua hoja hii. Mekatilili wa Menza, aliyewahamasisha Wagiriama mnamo 1913 na 1914, hakuwa na cheo cha kifalme. Nguvu yake ilitokana na kiapo, ngoma na ufasaha. Tukiwaita wote wawili malkia kwa nia ya kuwatukuza, tunafuta tofauti baina ya mamlaka ya cheo na mamlaka yaliyojengwa na usemi, na tofauti hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa.

Vita vyenyewe vilikuwa vikali. Waasante waliizingira ngome ya Kumasi na kujenga maboma ya magogo kwenye barabara zilizoelekea mjini. Hodgson alitoroka tarehe 23 Juni, na jeshi la Willcocks likafika kuiokoa ngome tarehe 15 Julai. Yaa Asantewaa alikamatwa, akapelekwa Shelisheli, na kufia huko tarehe 17 Oktoba 1921. Asante ilikuwa imekwisha kutangazwa koloni la Uingereza mwaka 1901. Kigoda hakikupatikana kamwe na gavana yeyote.

Hitimisho

Lakini kigoda kingine kilipotea bila vita. Katika kitabu chake cha 1923, mwanaanthropolojia R. S. Rattray, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, anaeleza kwamba aliwauliza wazee wa Asante kwa nini hakuwa amefahamishwa hadhi ya ohemaa baada ya miaka mingi ya kuishi nao. Wakamjibu kuwa Wazungu hawakuwahi kuuliza, na kwamba walishughulika na wanaume peke yao. Utawala ulioshindwa kumpuuza ohemaa mmoja vitani uliweza kuwapuuza wote katika amani, kwa kuwatambua watawala wa kiume tu.

Tukimsoma Yaa Asantewaa kama ajabu, hasara hiyo haionekani, kwa kuwa ajabu haina cha kunyang'anywa. Tukimsoma kama ohemaa, twatambua kwamba ukoloni haukumpeleka uhamishoni mtu tu, bali ulikinyima cheo kizima nafasi yake ya kusema. Ndiyo maana tunapendekeza neno ohemaa liachwe kama lilivyo katika maandishi yetu ya Kiswahili, na lielezwe.