Majina ya Wazee katika Vitabu vya Kanisa

Sisi wa Guta, na wenzetu wa pande zote za Mara, twajua kuwa ukoo ni mali. Mzee wa Kijita au wa Kizanaki huwahesabu baba zake kwa kinywa, wala hatafuti karatasi. Lakini wako watu ambao, wakitaka kujua asili yao, hawana budi kufunua vitabu vya kanisa. Na baadhi yao ni wale waliokuja kwetu na Injili. Katika jubilii hii yafaa tueleze habari zao, kwa maana zina fundisho kwetu.

Mwaka 1934 Elam Stauffer na mkewe Elizabeth walifika Shirati. Walitoka Lancaster, katika Pennsylvania, nchi ya Marekani. Walakini jina Stauffer asili yake si Marekani, bali ni bonde la Emmental, katika jimbo la Bern, nchi ya Uswisi. Ndivyo yalivyo na majina mengine tuliyoyazoea huku: Shenk zamani liliandikwa Schenk, na Eshleman liliandikwa Aeschlimann.

Basi, kwa nini wazee hao waliiacha nchi yao? Mwezi wa Januari 1525, katika mji wa Zürich, watu wachache walibatizana wakiwa watu wazima, wakisema kwamba ubatizo wampasa yeye aaminiye. Wakaitwa Waanabaptisti, yaani wabatizao tena. Serikali ilichukizwa. Mwaka 1526 mji wa Zürich ukaagiza watoto wote wanaobatizwa waandikwe kitabuni, ili wajulikane wazazi waliokataa kuwaleta watoto wao. Tarehe 5 Januari 1527 Felix Manz akazamishwa katika mto Limmat kwa ajili ya imani hiyo. Bern nayo ilianza kuandika vitabu vya ubatizo mwaka 1528. Wengi walinyang'anywa mali, wakafukuzwa. Na mwaka 1710 kundi moja lilifika Lancaster, likakaa huko.

Leo mjukuu atafutaye wazee wake huanza kwa kuuliza kijiji cha asili. Kila Mswisi ana kijiji cha namna hiyo, arithicho kwa wazazi hata kama hajakaa huko siku moja. Tangu mwaka 1876 serikali ndiyo inayoandika vizazi, ndoa na vifo. Kwa habari za kabla ya hapo hutazama vitabu vya kanisa. Humo huona jina la mtoto, la baba yake, na ya wasimamizi wa ubatizo. Katika vitabu vingine vya zamani mama hakutajwa, na hiyo ni hasara kubwa.

Tena mara nyingi hukuta pengo. Wazazi wameandikwa siku walipobatizwa wakiwa wachanga, lakini watoto wao hawaonekani. Asiyejua hudhani kwamba ukoo umekatika. Ajuaye hushika vitabu vya baraza la kanisa, na huko huwakuta: fulani ameitwa mbele ya wazee kwa sababu haji ibadani, wala hamleti mtoto wake abatizwe. Hivyo kitabu kilichoandikwa ili kuwakamata ndicho kinachowaonyesha wajukuu wao njia. Hata ukimya wake ni ushuhuda wa imani.

Ndugu zetu, na hasa ninyi walimu, tujifunze. Kinywa cha mzee ni kitabu, lakini mzee akifa kitabu hicho hufungwa. Daftari la usharika nalo lina adui zake: mchwa, mvua, na uvivu wa mwandishi. Basi, tumwandikapo mtu aliyebatizwa, tusitosheke na jina lake jipya la Kikristo. Akina Yohana na Maria ni wengi. Tuandike jina la nyumbani, la baba na la mama, ukoo, kijiji, na tarehe. Na daftari tuliweke ndani ya sanduku lifungwalo vema. Mwaka 1967 Zedekia Kisare alipowekwa kuwa askofu wa kwanza Mwafrika katika Kanisa letu, kazi ya kuitunza habari yetu ilizidi kuwa mikononi mwetu wenyewe. Wajukuu wetu watatuuliza walikotoka, na yatupasa tuwaachie jibu lililoandikwa.